Kumlinge: Usharika Umeungana, Manispaa Imebaki

Mwishoni mwa mwaka 2018, Bunge la Visiwa vya Åland, jimbo la Ufini linalojitawala, lilipitisha sheria ya kupunguza manispaa za visiwa hivyo kutoka 16 hadi 4. Ilikuwa sheria ya lazima: anayekubali akubali, na asiyekubali ataunganishwa hivyo hivyo. Oktoba 2019 ukaja uchaguzi, uwiano wa viti bungeni ukabadilika, na muda si mrefu baadaye sheria ikafutwa kabla haijaunganisha hata manispaa mbili. Zilikuwa 16, zikabaki 16.

Moja ya zilizopona ni Kumlinge. Ina watu wapatao 300, idadi ambayo kwetu haijazi ukumbi wa harusi ya mtu mwenye ndugu wengi. Hata hivyo ina baraza lake la kuchaguliwa, ina kodi yake, ina shule yake, na ina wajibu wa kuwatunza wazee wake mpaka siku ya mwisho. Ina pia kanisa la mawe la Mtakatifu Anna, lililojengwa karibu mwaka 1500, ambalo picha za kuta zake ni miongoni mwa kazi bora za zama za kati zilizosalia nchini Ufini.

Sasa tazama. Usharika wenye kanisa hilo hausimami tena peke yake. Uko pamoja na jirani yake, na jina lake leo ni Usharika wa Brändö-Kumlinge. Hakuna serikali iliyoanguka kwa sababu hiyo. Lakini manispaa, ambayo kihistoria imetoka ndani ya usharika, ilipotakiwa kuungana na hao hao majirani pamoja na wengine, siasa za Åland nzima zilichafuka. Imekuwaje taasisi yenye mizizi ya miaka mia tano ikaunganishwa bila makelele, na ile ya miaka mia moja na hamsini na kitu ikawa haigusiki?

Maelezo ya haraka ni kwamba watu wa visiwani wanang'ang'ania mambo ya kale. Siyakubali. Kama ukale ndio ungekuwa hoja, kelele zingepigwa kanisani. Ninavyokisoma kisa hiki, wanachokilinda ni mamlaka juu ya mambo machache ambayo bahari imeyafanya yawe magumu: mtoto asome wapi, mzee alazwe wapi, na nani aamue hayo mawili akiwa upande gani wa maji.

Mahali penyewe

Åland iko kwenye mlango wa Ghuba ya Bothnia, katikati ya Uswidi na Ufini. Wakazi wake ni raia wa Ufini, lakini lugha yao ni Kiswidi, na Kiswidi ndiyo lugha rasmi pekee ya jimbo. Jumla yao ni kama 30,000, na zaidi ya theluthi moja wanaishi Mariehamn, mji pekee uliopo. Visiwa ni zaidi ya 6,000, ila vinavyokaliwa mwaka mzima ni karibu 60 tu. Vingine ni miamba mitupu, makazi ya ndege na sili.

Kumlinge iko upande wa mashariki. Kuifikia kutoka kisiwa kikuu unakwenda kwa gari hadi Hummelvik, kwenye manispaa ya Vårdö, unapanga foleni gatini, kisha unapanda kivuko kiitwacho Alfågeln. Kivuko kinakata maji ya wazi yanayoitwa Delet, kinapita Enklinge na Kumlinge, halafu kinaendelea hadi Torsholma huko Brändö. Mashariki ya Brändö kuna maji mengine ya wazi, Skiftet, na ng'ambo yake ndiko Kifini kinakoanza kusikika. Kwa hiyo Kumlinge imebanwa kati ya bahari mbili, na bado haijawa kisiwa kimoja. Watu wanaishi Kumlinge yenyewe, Enklinge na Seglinge. Kwenda Seglinge unavuka kwa pantoni la kuvutwa kwa waya. Mkazi wa Seglinge mwenye shida ya ofisi anavuka maji kabla hajatoka nje ya manispaa yake.

Åland inajitawala kwa mambo yake mengi ya ndani. Baada ya Ufini kupata uhuru mwaka 1917, Waåland walitaka kurudi Uswidi. Ufini ikawapa sheria ya kujitawala mwaka 1920, wao wakaikataa, na shauri likaenda mbele ya Shirikisho la Mataifa. Juni 1921 uamuzi ukatoka: visiwa ni vya Ufini, ila lugha ya Kiswidi, mila na ardhi vilindwe. Kutokana na hayo leo kuna haki ya ukaazi iitwayo hembygdsrätt. Bila hiyo huwezi kupiga kura wala kugombea katika uchaguzi wa bunge la jimbo, na kununua ardhi kunahitaji kibali. Raia wa Ufini anaweza kuiomba akishakaa miaka mitano na kujua Kiswidi cha kutosha. Ukihama Åland kwa muda kama huo, unaipoteza. Msomaji wa Unguja au Pemba, ambako nani ni mkaazi na nani si mkaazi ni suala linalojulikana hadi barazani, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Nimeileta historia hii kwa sababu moja. Jamii iliyozoea kuambiwa na walimwengu kwamba wadogo nao wana haki ya kujiamulia itashangaa sana kuona bunge lake yenyewe likiwaambia walio wadogo zaidi kwamba wao wameshakuwa wadogo mno.

Anna wa baharini

Kanisa la Kumlinge halina mnara. Ni jengo refu la mstatili, la mawe magumu ya kijivu, lenye paa la mteremko mkali, na kengele zake zinaning'inia kwenye jengo la mbao lililosimama kando. Kwa nje ni kama ghala la mtu mwenye uwezo. Ukiingia ndani ndipo unapoelewa kwa nini watu wanafunga safari kuja kulitazama. Kuta na dari ya matao zimepakwa lipu ya chokaa, na juu ya chokaa hiyo kuna watakatifu, matukio ya maisha ya Yesu na mama yake, na mimea inayotambaa na kujikunja kuziba kila nafasi iliyobaki kati ya picha na picha.

Hizi si picha za fundi wa kijiji aliyejaribu bahati yake. Makanisa mengi ya Ufini ya kipindi hicho yana michoro ya waashi waliokuwa wakimalizia ujenzi: meli, nyota, vinyago vya kuchekesha, mistari ya kuchorwa kwa haraka. Ya Kumlinge ni ya mtu aliyefundishwa kazi. Wanahistoria wa sanaa wanayahusisha na Wafransisko, na hapo jiografia inatoa ushahidi wake. Kusini ya Kumlinge kuna kisiwa cha Kökar, na kwenye kisiwa kidogo cha Hamnö, kando yake, watawa wa Kifransisko walikuwa na nyumba yao katika karne ya 15. Walikaa palipokuwa na wavuvi wa msimu na mabaharia waliopita. Kanisa la mawe lililoko Hamnö leo ni la mwaka 1784, limejengwa pale pale palipokuwa na monasteri, nalo pia ni la Mtakatifu Anna.

Anna huyu, mama yake Maria, hatajwi hata mara moja katika Biblia. Umaarufu wake ulipanda kwa kasi mwishoni mwa karne ya 15, na Wafransisko walikuwa mstari wa mbele kuueneza. Papa Sixtus IV, ambaye mwenyewe alikuwa Mfransisko, aliiingiza sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa la Roma mwaka 1481. Miaka kama ishirini tu baadaye jina hilo liko juu ya kanisa la wavuvi kwenye miamba ya Baltiki. Jambo hilo peke yake linatosha kuvunja picha ya kisiwa kilichosahaulika. Kumlinge ya mwaka 1500 ilikuwa inakwenda na wakati: ilipata mtakatifu aliyekuwa akitajwa kila mahali, ikampata na mchoraji aliyejua namna ya kumchora.

Matengenezo ya Kidini yalipokuja chini ya Mfalme Gustav Vasa wa Uswidi, watawa wa Kökar walitoweka. Kanisa la Kumlinge likawa la Kilutheri bila kubomolewa, na picha za watakatifu zimedumu. Waumini wa leo wako chini ya Dayosisi ya Porvoo, iliyoundwa mwaka 1923 kwa ajili ya sharika za Kiswidi katika Ufini nzima. Kwa Mlutheri wa Tanzania mpangilio huu utakuwa rahisi kuuelewa, ila hili la dayosisi inayofuata lugha badala ya mkoa si la kawaida.

Jengo la namna hii lina gharama zisizoonekana. Jiwe gumu halinywi maji, na usiku wa baridi linakuwa kama barafu. Ukiwasha moto kwa nguvu asubuhi ya ibada, hewa yenye joto na pumzi za watu vinakutana na ukuta wa baridi, unyevu unaganda juu ya chokaa, chumvi iliyo ndani ya lipu inayeyuka, na hewa ikikauka chumvi inarudi kuwa punje na kuisukuma rangi itoke. Mara moja haina neno. Kwa misimu hamsini ni hasara isiyorudishika. Kwa hiyo anayelitunza kanisa kama hili hupasha joto taratibu, na hukubali waumini wakae na makoti. Hiyo si kazi ya kamati ya dayosisi iliyoko bara. Ni kazi ya mtu mwenye ufunguo, anayejua mlango upi unavutwa na upepo wa kaskazini.

Njia ndiyo iliyowalisha

Watu wakiona ramani hudhani Kumlinge iko mwisho wa dunia. Kwa karne kadhaa ilikuwa katikati ya barabara. Mwaka 1638 taji la Uswidi, ambalo wakati huo lilitawala pia Ufini, lilianzisha njia ya posta kutoka Stockholm hadi Turku kupitia Åland. Barua zilivuka kutoka Grisslehamn hadi Eckerö, zikapita kisiwa kikuu kwa nchi kavu, zikavuka Delet hadi Kumlinge, kisha Brändö, hadi bara ya Ufini. Waliobeba hawakuwa waajiriwa. Walikuwa wakulima wa njiani, waliopewa wajibu huo na kwa malipo yake wakasamehewa kuandikishwa jeshini na baadhi ya kazi za lazima.

Usamehevu huo haukuwa wa bure. Agizo la posta la mwaka 1636 lilimtaka mbebaji amalize maili moja ya Kiswidi, zaidi ya kilomita kumi, kwa saa mbili; akichelewa, kifungo cha siku nane kwa mkate na maji. Hiyo ni nchi kavu. Baharini hatari ilikuwa kwenye majuma ambayo barafu si barafu na maji si maji, mwanzo na mwisho wa majira ya baridi. Hapo wanaume walikwenda na mashua kwa kuiburuta: wameshika ukingo wake kushoto na kulia, wanatembea juu ya barafu, na pale inapovunjika wanajitupa ndani ya mashua, wanapiga makasia hadi barafu inayofuata, wanaipandisha tena. Mfuko wa barua uko katikati. Wengi walizama katika kazi hiyo. Hadi leo kila mwaka mwezi Juni hufanyika mashindano ya mashua kati ya Grisslehamn na Eckerö kwa kumbukumbu yao, watu wakiwa wamevaa mavazi ya kale, ingawa Juni ni kuwakumbuka kwa starehe mno.

Njia iliyoleta posta ndiyo iliyoleta na majeshi. Warusi walipoiteka Ufini katika Vita Kuu ya Kaskazini, Waåland wengi walikimbilia Uswidi mwaka 1714 na kurudi baada ya amani ya 1721. Mwaka 1808 Warusi walirudi. Waliamuru wenyeji watoe mashua zao, na mwezi Mei wakulima wakaasi, wakiongozwa na ofisa wa serikali wa eneo hilo aitwaye Erik Arén na mchungaji Henrik Johan Gummerus. Walikisafisha kisiwa kikuu, kisha tarehe 10 Mei, wakisaidiwa na wanamaji wa Uswidi, wakaishinda huko Kumlinge sehemu ya mwisho ya kikosi hicho pamoja na kamanda wake. Furaha haikudumu. Machi 1809 jeshi la Jenerali Bagration lilivuka juu ya barafu kupitia visiwa hivi, na mkataba wa mwaka huo ukaikabidhi Ufini kwa Tsar, na Åland ndani yake.

Majeshi yamekatazwa Åland tangu mkataba wa Paris wa mwaka 1856, baada ya Waingereza na Wafaransa kuibomoa ngome ya Warusi ya Bomarsund mwaka 1854. Njia imebaki, ila imehamia kwenye meli kubwa za kusini zinazopita kati ya Stockholm na Turku bila kuijua Kumlinge. Kilichobaki kaskazini ni kivuko cha jimbo. Kwa mtu anayetaka kuelewa siasa za visiwani, ratiba ya kivuko ni waraka muhimu kuliko katiba. Kikiondolewa chombo cha mwisho cha jioni, mwalimu anayeishi upande wa pili hawezi kuhudhuria kikao cha wazazi na kurudi kwake. Kikao kikihamishiwa upande wa pili, wazazi ndio hawafiki.

Mtoto wa usharika

Hadi katikati ya karne ya 19, usharika ndio uliokuwa serikali ya mtaa. Kikao cha waumini kilichoongozwa na mchungaji kiliamua habari za kanisa, na vilevile habari za maskini, yatima na elimu. Mwaka 1865, Ufini ikiwa chini ya Tsar, sheria mpya ikatenganisha hayo mawili vijijini: mambo ya dini yakabaki kwa usharika, mambo ya dunia yakapewa manispaa. Mipaka haikuchorwa upya. Manispaa ilirithi eneo la usharika, na eneo la usharika lilikuwa limeamuliwa zamani na swali moja rahisi: nani anaweza kufika kanisa gani kwa mashua Jumapili na kurudi nyumbani salama.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Ramani ya manispaa za visiwa vya Åland inaonekana ya ovyo kwa mtu wa ofisini, lakini ilichorwa kwa makasia. Ni ramani ya umbali halisi, si ya idadi ya vichwa.

Sheria ya 2018 ilihesabu vichwa. Serikali ya wakati huo, ikiongozwa na Katrin Sjögren wa chama cha Liberalerna, ilikuwa na hoja nzito na ni haki kuzitaja kwa uzito wake. Åland ina watu 30,000 na manispaa 16. Sottunga, yenye watu kama 100, ndiyo manispaa ndogo kuliko zote nchini Ufini. Katika sehemu ndogo namna hiyo, ofisa mmoja akienda likizo idara imefungwa. Diwani anatakiwa kutoka nje ya kikao kwa sababu mwombaji ni shemeji yake, na anayefuata naye anatoka kwa sababu mwombaji ni jirani anayepakana naye shamba. Kupata watu wa kugombea ni shida, maana wale wale wako zimamoto, wako kwaya, wako bodi ya shule. Na kuna hoja ya fedha ambayo watetezi wa udogo huipita haraka: mtoto mmoja tu akihitaji kulelewa nje ya familia kwa ulinzi wa kisheria, gharama yake kwa mwaka inaweza kuivuruga bajeti nzima ya walipa kodi mia mbili.

Hoja hizo ni za kweli. Kosa lilikuwa kwenye dawa. Manispaa sita za visiwani, yaani Brändö, Föglö, Kumlinge, Kökar, Sottunga na Vårdö, zina jumla ya watu 2,000 hivi. Ukizitia kwenye kapu moja bado hujapata manispaa kubwa. Umepata manispaa ndogo iliyotawanyika. Tena haziko kwenye njia moja. Brändö, Kumlinge na Vårdö ziko kwenye mstari wa vivuko wa kaskazini. Föglö, Sottunga na Kökar ziko kwenye wa kusini. Diwani wa Brändö akitaka kwenda kikaoni Kökar anabadilisha vyombo na anaimaliza siku njiani, na kurudi ni shauri la kesho. Ofisi kuu ungeiweka wapi? Popote utakapoiweka, watano kati ya sita wako mbali nayo, na wengi wao wangefika upesi zaidi Mariehamn kuliko kufika kwenye makao makuu yao wenyewe.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2019 chama cha Centern, chenye nguvu vijijini, kilipata viti vingi kuliko vyama vingine, na Veronica Thörnroos akawa mkuu wa serikali. Muungano wa lazima ukaondolewa mezani.

Wengi husimulia kisa mpaka hapo: wadogo wameshinda, wakubwa wameshindwa. Kuna sehemu ya pili isiyosimuliwa, nami naona ndiyo yenye mafunzo kwa wanaoshughulika na serikali za mitaa. Tarehe 1 Januari 2021 huduma za ustawi wa jamii za manispaa zote 16 zilihamia kwenye chombo kimoja cha pamoja, Kommunernas socialtjänst, kinachojulikana kwa kifupi kama KST. Ulinzi wa mtoto, huduma kwa watu wenye ulemavu, msaada wa kujikimu: yote hayo yalitoka mikononi mwa kila manispaa. Sheria ya msingi ya jambo hilo haikufutwa.

Yaani ile hoja nzito kuliko zote, ya mtoto mmoja anayeweza kuvunja bajeti, ilipata jibu bila kufuta manispaa hata moja. Pamoja na hiyo likatatuliwa tatizo la ushemeji, kwa sababu anayesikiliza shauri la familia ya Kumlinge si lazima awe jirani yao. Bei yake ipo: manispaa inalipia huduma isiyoiongoza moja kwa moja, na hilo limeleta manung'uniko kuhusu ankara. Lakini tofauti ya hatua hizi mbili iko wazi. Faili la mlinzi wa mtoto husafiri kwa intaneti. Mtoto wa darasa la pili hasafiri kwa intaneti, anapanda kivuko.

Kwa kipimo hicho hicho, kuungana kwa usharika kunaeleweka. Mchungaji anaweza kuhudumia Brändö Jumapili hii na Kumlinge ijayo, maana yeye ndiye anayevuka maji, si waumini. Hesabu za fedha na kumbukumbu za vizazi na vifo zinakaa popote. Jengo lenyewe halimtegemei mtu kupiga kura: sheria ya kanisa ya Ufini inayalinda moja kwa moja makanisa yaliyojengwa kabla ya mwaka 1917, na hakuna baraza la usharika linaloweza kuamka asubuhi na kuamua kuuza la Mtakatifu Anna. Waliounganisha usharika waliunganisha ofisi, wakaliacha kanisa pale lilipo na wachimba makaburi pale walipo. Aliyekwenda ibadani kwa miguu anaendelea kwenda kwa miguu.

Kinachonitia shaka kuhusu ushindi wa 2019 ni kwamba haukumwongeza mtu hata mmoja Kumlinge. Kura inaweza kuzuia ofisi isihame. Haiwezi kumzuia binti wa miaka kumi na sita anayekwenda Mariehamn kwa masomo ya sekondari ya juu, ambayo visiwani hayapo. Arudi au asirudi, hilo linaamuliwa na mambo mengine: kama kuna nyumba ya kupanga, kama mwenzi wake atapata kazi, kama kivuko cha asubuhi kinamfikisha mtu kazini. Fedha za hayo kwa sehemu kubwa hazitoki kwa manispaa. Zinatoka kwa serikali ya jimbo, ambayo nayo hupokea kutoka Helsinki fungu la mapato ya serikali ya Ufini (kwa miaka mingi lilikuwa asilimia 0.45), na vivuko ni moja ya matumizi makubwa yanayokatwa humo. Baraza la Kumlinge lina sauti juu ya shule. Juu ya njia ya kufika shuleni, lina barua ya maombi.

Mwaka 2023 Katrin Sjögren alirudi kuongoza serikali ya Åland. Mimi ningekuwa diwani wa Kumlinge nisingengoja waziri aje na ramani yake. Ningekwenda Brändö mapema, ambako usharika umeshafungua njia, na kupendekeza tuwe na mhasibu mmoja, mfumo mmoja wa mishahara na mwanasheria mmoja wa zabuni, kila kisiwa kibaki na baraza na shule yake. Halafu kwa pamoja tungeidai serikali ya jimbo kitu kimoja kwa maandishi: ratiba ya kivuko cha Torsholma isibadilishwe kabla ya mabaraza yote mawili kusikilizwa.